Kabla hujatuma DNA yako nje, angalia kwanza ndani ya tyubu kuna nini

Assalaam aleykum jamaa zangu. Wiki hii nimepata meseji tatu za vijana wanaosoma masta (mmoja wao anashughulika na malaria, mwengine na kichocho), mmoja yuko Unguja, wawili tuko nao huku huku Pemba, na wote wameuliza kitu kimoja: "Da, tunataka kusikwensi DNA, tutume wapi na ni shilingi ngapi?" Kusikwensi DNA ni kuzisoma herufi za urithi zilizomo ndani ya kiumbe, ntaeleza chini. Nkaona badala ya kumjibu kila mtu mbali mbali bora niandike hapa, maana hayo maswali mawili ndo nlioanza nayo na mie, na wallahi yalinipotezea miezi saba. Swali la kwanza lilitakiwa liwe jengine kabisa, kwamba ndani ya ile tyubu yangu kuna nini.

Kwa wasionijua, mie nashughulika na mikarafuu. Mkarafuu si mti wa asili ya kwetu, umetoka visiwa vya Maluku huko Indonesia, Wafaransa wakaupeleka Mauritius na Réunion miaka ya 1770, ndo baadae ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Halafu kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na mpaka leo ukitaja karafuu za Zanzibar umeitaja Pemba. Sasa hebu fikiria mbegu hiyo imepita milango myembamba mara ngapi njiani, kila mahali wamechukua miche michache tu wakaenda nayo. Inawezekana mikarafuu yetu yote hii, Mtambile mpaka Konde, ni watoto wa mama wachache mno, na kama ni hivyo basi maradhi mamoja yakiingia yanaweza kuwakuta wote hawana kinga. Hilo huwezi kulijua kwa kuutazama mti. Lazima usome DNA, na si ya mti mmoja, ya miti mingi kwa pamoja, na hapo ndo unapozihitaji hizi huduma za kusikwensi kwa wingi.

Kusikwensi ni kusoma zile herufi nne, A, T, G na C, kwa mpangilio wake. Njia ya zamani ya Frederick Sanger, ya mwaka 1977, inasoma kipande kimoja kimoja, herufi mia saba mia nane hivi, na kama una jeni moja tu unalolitafuta bado hiyo ndo njia nzuri na wala usihangaike na nyengine. Hizi mashine mpya zinasoma mamilioni mpaka mabilioni ya vipande kwa mkupuo mmoja. Mie huwa naeleza kwa kanga. Chukua doti mia za kanga ya aina moja yenye jina moja, zikatekate kwa mkasi ovyo ovyo mpaka kila kipande kibaki na herufi chache tu za lile jina, kisha changanya vyote kwenye ndoo. Kwa vile kila doti imekatwa pahala tofauti, vipande vinapandana, mwisho wa hichi ni katikati ya kile, na ukivipanga kwa subira jina zima linarudi. Na kama kipande kimoja kina doa, kuna vyengine kadhaa vya pahala pale pale vinakuonesha herufi ya kweli. Hiyo idadi ya vipande vinavyopita pahala pamoja ndo wanaita kina, ukimsikia mtu anasema 30x anakusudia kila herufi imesomwa kwa wastani mara 30.

Kwenye mashine za Illumina, ambazo ndo utazikuta kwenye huduma nyingi, vipande vinabandikwa kwenye kioo, kila kipande kinajinakili hapo hapo mpaka kinakuwa kishada, halafu inaongezwa herufi moja yenye rangi, kamera inapiga picha, rangi inaondolewa, inaongezwa nyengine, picha tena, hivyo hivyo mara 150 upande mmoja na mara 150 upande wa pili. Ni kazi ya picha tu, picha nyingi mno. Na bei imeshuka kwa namna ambayo hata kuielezea shida, mradi wa kusoma DNA ya binaadamu ulianza 1990 ukamalizika 2003 kwa karibu dola bilioni 3, mwaka 2001 kusoma DNA ya mtu mmoja ilikadiriwa kama dola milioni 95, mwisho wa 2015 ikawa chini ya dola 1,500. Ndo maana leo mtu amekaa Chake hapa Pemba na yeye anaweza kupanga kusikwensi miti.

Sasa yaliyonikuta.

Mara ya kwanza nlituma tyubu 24 kwa kampuni ya kusikwensi. DNA nliitoa mwenyewe na nkaipima mwenyewe kwa NanoDrop, kile kimashine unachodondosha tone moja tu kinakupa namba. Namba zangu zilikuwa za kupendeza, 80, 90, moja ilifika 140, nanogramu kwa kila maikrolita, nkajiona nimeshamaliza kazi. Nkajaza fomu yao ya eksel, nkafunga, nkatuma. Baada ya wiki mbili na nusu ikaja imeili na faili lenye mistari 24, mistari 21 imepigwa rangi nyekundu. Wao walipima wakapata 4, wakapata 6, wakapata 7. Chini wameandika kwa upole kabisa kwamba nina hiari, waendelee kwa dhamana yangu mwenyewe bila kurejeshewa pesa, au nilete nyengine, au nifute oda. Nliisoma ile imeili nimekaa kwenye ngazi za maabara mpaka adhana ya alasiri ikaniinua.

Nani aliyekosea? Hawakukosea wao. NanoDrop inapima kila kinachomeza mwanga wa nanomita 260, na si DNA peke yake inayoumeza, RNA, ndugu yake DNA, inaumeza, na zile kemikali za fenoli zilizojaa kwenye jani la mkarafuu nazo zinaumeza. Wao walitumia Qubit, ambayo inatia rangi inayong'aa pale tu inapoikamata DNA yenyewe. Mie nlifanya sawa na mtu aliyepima gunia la karafuu hazijachambuliwa, makonyo (vile vijiti vyake) yamo, akasema kilo zote hizi ni karafuu. Na dalili nlikuwa nayo mkononi! DNA safi ukiiyeyusha kwenye maji haina rangi kabisa. Yangu ilikuwa kama chai ya rangi. Nliiona, nkaipiga picha hata, nkasema aah mkarafuu ndo ulivyo.

Kilichotokea ni hivi. Ukisaga jani la mkarafuu zile fenoli zinatoka zinakutana na hewa, zinageuka rangi kama biringani ulilolikata ukaliacha kwenye sahani, na zikishageuka zinaing'ang'ania DNA haziachi. Ukija kutengeneza laibrari, yaani ile hatua ya kukatakata DNA na kuvitia vipande vyake mikia ili mashine iweze kuvishika, vimeng'enya vinavyoifanya kazi hiyo vinakwama kwa sababu ya uchafu huo. Na kwa vile mie nlikuwa na haraka ya ripoti nkawaambia waendelee na sampo sita. Wakalazimika kuzidisha nakala sana ili kipatikane cha kutosha, na data ilipokuja karibu nusu ya vipande vilikuwa nakala ya nakala, kipande kile kile kimesomwa tena na tena. Kwa maneno mengine nlilipia herufi nyingi nkapata habari kidogo.

Mara ya pili nkaanzia shambani. Majani nachukua yale machanga ya ncha, bado yana wekundu wekundu, sio yale ya kijani kibichi yaliyokomaa, maana machanga ni laini na hayajajaza uchafu mwingi. Likishachumwa halikai, linaingia saa ile ile kwenye mfuko wenye silika jeli, zile punje kama za kwenye mabox ya viatu, ili likauke upesi. Nlikuwa natembea na begi la mifuko hiyo kwenye vilima vya Mtambile, jani likikaa mkononi tu dakika chache unaliona linaanza kubadilika pale ulipolikata. Maabara nkapunguza kiasi, badala ya kusaga miligramu 100 nkasaga 20, kwa sababu ukitia majani mengi unaongeza uchafu kuliko DNA. Kisha nkaosha ule unga mara tatu kwa maji ya sobitoli (aina ya sukari) kabla ya hatua yoyote nyengine, kila mara maji yanatoka kahawia, mara ya tatu yakatoka karibu meupe. Baada ya hapo ndo CTAB, ambayo ni kama sabuni, na PVP ya kuzinasa fenoli, na ile dawa yenye harufu ya mayai viza ambayo lazima uitumie kwenye kabati la kufyonza hewa, unaweka kwenye maji ya nyuzi 65, klorofomu, unazungusha, unachukua tabaka la juu tu kwa pipeti taratibu bila kugusa la kati. Ukimimina aisopropanoli (aina ya spiriti) ukaipindua tyubu pole pole, zinatokea nyuzi nyuzi nyeupe kama ute wa yai. Mara ya kwanza zilikuwa kahawia. Safari hii zilikuwa nyeupe, nkawaita wenzangu wote waje kuangalia.

Halafu nkapima kwa Qubit, nkapitisha kwenye jeli pia (kibao laini ambacho umeme unaivuta DNA humo ijipange kwa urefu), maana kuwa nayo nyingi haitoshi, lazima iwe nzima. DNA nzima inakaa juu kama mstari mmoja mkali, iliyooza inashuka chini kama moshi. Kwenye karatasi nkaandika uwiano wa mwanga unaomezwa kwenye nanomita 260 kwa 280, unaotakiwa uwe karibu 1.8, na wa 260 kwa 230, ambao ukiwa chini ya 2 sana ujue uchafu bado upo. Huu wa pili watu wengi hawautazami, na kwa mimea ndo unaosema kweli.

Sasa hesabu, kwa sababu ndo hapo kwenye "shilingi ngapi". DNA ya mkarafuu ilichapishwa 2022, ina herufi kama milioni 370. Mie nataka kila herufi isomwe mara 10, kwa hiyo mti mmoja ni bilioni 3.7. Lakini usiagize 3.7 kamili, jani lina kloroplasti nyingi (vile vichembe vya ukijani) na kila kloroplasti ina DNA yake, fupi tu lakini nakala zake ni nyingi mno, kwa hiyo sehemu ya vipande vyako itakwenda huko, na nakala za nakala nazo zitakula. Nkaagiza bilioni 5 kila mti, mara 24 ni bilioni 120. Kipande kimoja kikisomwa pande zote mbili ni herufi 300, basi mti mmoja unahitaji vipande zaidi ya milioni 16. Ukienda kwa kampuni na hesabu hii wanakujibu siku hiyo hiyo na bei wanakupa ya kweli. Ukienda na "nataka kusikwensi mikarafuu" wanakupa bei ya mfukoni mwao. Na usiogope kwamba miti yako itachanganywa kwenye mashine moja na sampo za watu wengine, kila sampo inatiwa alama yake ya herufi kabla ya kuchanganywa, kama magunia ya karafuu kituoni, kila moja na alama ya mwenyewe.

Kwa yule kijana wa malaria hesabu yake ni nyengine kabisa na naomba aisome hii mara mbili. Vimelea vya Plasmodium falciparum vina herufi milioni 23 tu, binaadamu ana bilioni 3 na zaidi. Ukituma damu kama ilivyo, karibu kila utakacholipia kitakuwa ni mtu, si malaria. Kwa hivyo ama uondoe chembe nyeupe za damu kabla, ama uzidishe DNA ya vimelea peke yake, ama usome sehemu chache tu unazozitaka kama ile jeni ya kelch13 ya usugu wa dawa. Na waambie mapema kampuni kwamba DNA hiyo A na T ni kama asilimia 80, kuna dawa za kutengenezea laibrari zinazoshindwa hapo. Tena hivyo vipande vya binaadamu vitakavyobaki ni siri ya mgonjwa, vitolewe kabla data haijawekwa hadharani. Na wa kichocho asijione mgeni kwenye mambo haya, minyoo ya Zanzibar imeshasomwa DNA yake ikalinganishwa na ya Niger, utafiti wa 2019, na hapa Wawi maabara ya Ivo de Carneri ipo tokea 2000, nenda kaulize watu walioshika kazi.

Wapi sasa. Kuna Macrogen Korea Kusini, Novogene na BGI China, Inqaba Pretoria Afrika Kusini, na ILRI pale Nairobi, na ziko nyengine nyingi Ulaya. Mie siwezi kukwambia hii ndo bora kwa sababu inategemea sampo yako. Ila uliza haya kabla ya kulipa: mnapima kwa kitu gani mkipokea, sampo ikianguka nalipa nini, mnaahidi asilimia ngapi ya herufi zifike Q30 (hiyo maana yake ni kosa moja kwa kila herufi elfu), DNA inayobaki mnanirudishia au mnaitupa, na data ghafi napewa yote? Hili la mwisho lisisitize. Usikubali kupewa ripoti yenye vimchoro vya rangi peke yake, dai mafaili ya FASTQ yote (yale yenye herufi kama zilivyotoka kwenye mashine), kwa sababu miaka mitano ijayo utataka kuyachambua upya na swali jengine. Kampuni ikisitasita kwenye moja ya hayo tafuta nyengine.

Kuna na Nanopore, kile kidude kidogo chepesi cha MinION, kinachomekwa kwenye laptop na kinasoma vipande virefu sana. Mwaka 2015 walikwenda nacho Guinea wakati wa Ebola wakasoma virusi huko huko. Kwa vijidudu vyenye DNA fupi, kama kipindupindu, herufi milioni 4 tu, naona huko ndo kwa kwenda, tena kazi ikafanyika hapa hapa kisiwani bila kusubiri mtu. Kwa miti 24 kwa mkupuo mmoja bado nasema tuma.

Karatasi. Kibali cha utafiti, mkataba wa kuhamisha sampo uliotiwa saini pande zote mbili, cheti cha afya ya mimea kwa sisi wa mimea, kibali cha maadili kwa wa damu za watu, na barua inayosema wazi kwamba ndani hamna kitu cha kuambukiza wala cha hatari. Anza nayo siku ile ile unayoanza kwenda shambani, kwa sababu saini moja inaweza kukaa mezani mwa mtu mwezi mzima yupo safari. Mie mara ya pili nliikausha DNA kwenye tyubu ikawa haihitaji barafu kavu, ikatoka Chake mpaka Unguja na ikaendelea na safari bila wasiwasi wa joto, na bei ya kusafirisha ikashuka sana. Uliza tu kwanza kama wanapokea iliyokaushwa. Na majina ya tyubu andika mafupi, namba tu, kwa kalamu isiyofutika na spiriti, mara ya kwanza niliandika majina ya vijiji yakafutika nusu.

Data ilikuja baada ya wiki tano, linki ya kushushia yenye kudumu siku 30. Giga karibu 80. Nkanunua bando la usiku, nkawa nawasha saa sita nazima alfajiri, usiku wa tatu umeme ukakatika ikabidi faili lile nilianze upya. Kila faili linakuja na namba ndefu inaitwa md5, ukishashusha unaikokotoa kwenye kompyuta yako ulinganishe, zikiwa sawa faili limefika zima. Moja kati ya mafaili 48 haikulingana. Kwa macho faili lilikuwa sawa tu, linafunguka, lina jina lake, lakini mwisho wake umekatika. Ningelichambua hivyo hivyo mti mmoja ungekuwa na nusu ya habari na mie sijui. Nkalishusha tena, nkaweka nakala kwenye hadi diski mbili, moja naweka nyumbani moja ofisini.

Juzi nlirudi kwa mzee mwenye ule mti mkubwa, sampo namba 7, mti ambao yeye mwenyewe aliukuta umeshazeeka akiwa mtoto. Nlimchapishia ukurasa mmoja wa herufi za mti wake nkampelekea, nkahisi ni haki yake kuuona. Akavaa miwani akautazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, sasa harufu iko wapi humu?" Nkamwambia harufu ya karafuu ni yujenoli, na mti unaitengeneza kwa vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina pahala pake kwenye herufi hizi, si kwenye ukurasa huu lakini nitakitafuta nikuletee. Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Kisha akaniambia nimekosea kuuacha ule wa nyuma ya nyumba, kwa sababu ule karafuu zake zinawahi kila mwaka kabla ya wenziwe wote, akanipeleka mwenyewe, akaninyooshea tawi. Jani liko kwenye silika tokea saa kumi ya juzi, namba 25, na kesho nalisaga.